Dondoo muhimu: Kioo cha mbele kisizibe kwa ukungu

Mvua ya Mbeya au Limuru, abiria wamelowa, madirisha yamefungwa: dakika chache tu huoni mbele. Unyevu wa pumzi na nguo hugusa kioo cha baridi, ukawa vitone.

Washa AC hata kama kuna baridi, kisha ongeza joto. Wengi huizima wakidhani kazi yake ni kupoza tu, kumbe pia hukausha hewa, na hewa kavu yenye joto ndiyo inayoondoa ukungu haraka. Elekeza hewa kwenye kioo, ongeza feni, na uzime kile kitufe chenye mshale unaozunguka ndani ya picha ya gari, ili hewa ya nje iingie.

Dar es Salaam na Mombasa, kwenye joto la unyevunyevu, ukungu huweza kushika upande wa nje. Hapo piga waipa, punguza ubaridi na uache kupuliza AC kwenye kioo.

Kapeti zilizolowa zitoe uzianike. Usifute kioo kwa kiganja. Mafuta ya mkono huacha michirizi inayong'aa ukimulikwa na taa usiku. Ukiwa huoni kabisa, egesha pembeni kwanza.