Mgongo wa Usambara: Mwendo wa Siku Tatu kutoka Lushoto mpaka Mtae

Mto Umba huingia katika Bahari ya Hindi karibu na Vanga, kwenye pwani ya kusini ya Kenya. Watu wengi waishio karibu na mdomo wa mto huo hawajapata kuona mahali yanapotoka maji yake. Chemchemi zake zimo katika misitu ya Usambara ya Magharibi, nchini Tanzania, na mtu awezaye kutembea siku tatu juu ya mgongo wa milima hiyo atajifunza kwa macho yake jinsi mto unavyozaliwa, na jinsi unavyoweza kufa.

Milima ya Usambara ni ya safu moja na milima ya Taita iliyo Kenya. Safu hiyo hupinda kuelekea kusini hata kufika Udzungwa. Ni milima ya kale mno. Kilimanjaro, ulio mlima wa moto, ni mtoto mbele yake. Kwa kuwa imesimama kuielekea bahari, pepo zinazotoka baharini hugonga kuta zake, hupanda juu, hupoa, na unyevu wake hugeuka kuwa ukungu na mvua. Ndiyo sababu nyika iliyo chini yaweza kuwa kavu na ya vumbi, huku watu wa juu wamejifunika mablanketi.

Msafiri hupanda gari Mombo, na baada ya maili 20 za barabara yenye kona nyingi, akipitia Soni, hufika Lushoto, mji ulio katika kimo cha futi 4,600 hivi. Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Hapo ndipo pa kutafuta kiongozi wa njia.

Wako watu wasemao kwamba kiongozi ni gharama ya bure, kwa kuwa milima haina kuta na njia ni za watu wote. Wanakosea. Njia za Usambara hazikutengenezwa kwa ajili ya wageni. Ni njia za watu waendao shambani, kisimani, shuleni na sokoni, nazo hugawanyika kila hatua chache bila kibao cho chote. Ukungu ukishuka, hata mwenyeji hupunguza mwendo. Zaidi ya hayo, kiongozi ndiye anayejua ni ua wa nani unaopitwa na ni nani wa kusalimiwa kwanza, na ndiye anayetangulia kumwambia mwenye nyumba kwamba jioni watakuja wageni. Kazi hii ilianza kupangwa vizuri Lushoto katikati ya miaka ya 1990, shirika la SNV la Uholanzi lilipowasaidia wananchi wa Tanzania kuanzisha utalii wa utamaduni, ili fedha za wageni zifike vijijini badala ya kubaki katika hoteli kubwa. Heri kuchagua miezi ya kiangazi, Juni mpaka Oktoba, wala msafiri asisahau koti zito, maana usiku wa Julai huko juu si wa mchezo.

Siku ya kwanza njia huingia katika msitu wa Magamba, ambao sasa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, na sehemu zake za juu hupita futi 7,000. Hapa mgeni hunyamaza. Miti mikubwa ya mkulo imesimama imevikwa kuvu na ndevu za miti. Mbega weusi wenye mabega meupe huruka kutoka tawi hadi tawi. Na kiongozi mwenye jicho zuri huonyesha kinyonga wa pembe mbili pale ambapo mgeni aliona jani tu.

Lakini somo kubwa liko chini ya miguu. Kiongozi huinama, akachimba kidogo kwa kidole, akainua udongo mweusi uliojaa majani yaliyooza. Udongo huo ni kama sifongo. Mvua ikinyesha msituni haianguki moja kwa moja juu ya ardhi: hupokewa na majani, hudondoka polepole, hunywewa na udongo, kisha hutoka kidogo kidogo kwenye chemchemi miezi mingi baadaye, wakati wa kiangazi. Tena hata pasipo mvua majani huunasa ukungu, nao hudondoka matone mchana kutwa. Ukikata miti, mvua ni ile ile, ila maji yote huteremka siku moja yakiwa mekundu, na mwezi wa pili kijito ni mawe matupu.

Misitu hii imepunguzwa kwa muda mrefu. Kabla ya Vita Kuu ya 1914 Wajerumani walitaka sana mbao za mtarakwa za Shume, hata wakajenga njia ya waya ya kuteremshia magogo kutoka milimani mpaka bondeni karibu na reli ya Tanga. Baadaye ikapandwa misunobari na misaipresi kwa mistari. Apitaye kati ya msitu wa asili na msitu wa kupandwa huona tofauti bila kuelezwa: katika ule wa pili kuna kivuli, lakini chini yake hakuoti kitu kingi.

Jioni hufikwa Lukozi, kwenye soko la mboga. Malori hupakia kabichi, karoti na viazi vya kupelekwa Dar es Salaam. Mboga hizo ndizo ada za shule na mabati ya nyumba za wakulima wa milima, na si haki kumlaumu mkulima wa mteremkoni kana kwamba angekuwa na tambarare akaikataa.

Siku ya pili njia hufuata mgongo wenyewe, mashamba yakiwa yamening'inia pande zote mbili, na hapa ndipo pa kusimulia habari ya matuta. Baada ya Vita vya pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliona kwamba udongo wa Usambara unachukuliwa na maji. Ilianza Mlalo mwaka 1946, na katika miaka ya 1950 ikawaamuru wakulima wa Usambara nzima kulima matuta katika miteremko, na asiyelima alishtakiwa. Nia yaweza kuwa ilikuwa njema, lakini watu hawakuulizwa. Kazi ya jembe iliwaangukia zaidi wanawake, na watu wakaogopa kwamba mashamba yao yatachukuliwa. Wasambaa walikuwa na maneno yao ya kale kuhusu jambo hili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Zamani watawala wao wa Kikilindi, ambao habari zao aliziandika Abdallah bin Hemedi, walipimwa kwa hayo: mvua na shibe, au jua na njaa. Basi watu waliyapima matuta kwa kipimo hicho hicho, wakasema yanaiharibu nchi. Upinzani ukawa mkubwa hata mpango ukaachwa kabla ya uhuru wa mwaka 1961.

Jambo la kuangalia ni kwamba leo msafiri huona mistari ya majani ya guatemala na majani ya tembo ikizuia udongo katika mashamba mengi. Mradi mwingine ulianza Lushoto mwaka 1981, na majani hayo yalikuwa pia chakula cha ng'ombe wa zizini. Mkulima akipata maziwa kwa kazi ile ile inayoshika udongo, haitaji askari wa kumsukuma.

Usiku wa pili hulalwa Rangwi, ambako masista Wakatoliki hukaribisha wageni. Siku ya tatu ni ndefu. Msitu wa Shagayu, ambamo Umba huanzia, hauko mbali na njia. Kisha ghafula nchi hukatika: ni Mtae, kijiji kilichojengwa juu ya ukingo wa mwamba. Chini, zaidi ya futi 3,000, imelala nyika ya Mkomazi. Wazee walijenga ukingoni kwa akili: migomba yao ilikuwa juu penye baridi, na mashamba mengine yalikuwa chini penye joto, ili mvua ikikosa upande mmoja, upande wa pili uwalishe. Siku isiyo na ukungu milima ya Upare huonekana, na upande wa kaskazini nchi ya Kenya, na pengine Kilimanjaro.

Kiongozi humwonyesha mgeni jambo moja zaidi. Katika nyika ile kavu kuna mstari mwembamba wa kijani unaojipinda kuelekea mashariki. Ni miti ya kando ya Umba, ukienda Vanga. Asubuhi, kungali giza, basi la Lushoto hupiga honi, na wakulima wenye magunia hupanda kwanza.