Tafakuri ya Leo, Ramadhani 12: Mtoto mwenye usonji na ratiba ya mfungo



Ramadhani ikiingia nyumba nzima hubadilika: tunaamka kula daku, mchana jiko halina moto, usiku tunachelewa kulala. Kwetu ni furaha. Mtoto mwenye usonji, aliyezoea kila jambo kwa saa yake, huona dunia yake imepinduliwa. Ndipo analia, anajipiga, anaziba masikio spika ikilia. Na sisi twasema, "Mtoto huyu kadekezwa," au, "Ana shetani." Hapana jamani. Usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo, si malezi mabaya.

Tumuuguze hivi:
▪️ Ale na alale kwa saa zake zilezile.
▪️ Mabadiliko aambiwe mapema, kwa maneno machache au picha.
▪️ Akizidiwa, mpeleke penye utulivu. Usimfokee.
▪️ Wengine wana kifafa pia. Kuruka dozi kunaweza kumwangusha, basi saa za dawa zisibadilishwe bila kumuuliza daktari. Asiyebaleghe hajawajibikiwa na funga.

Mtume (s.a.w.) aliposikia kilio cha mtoto alifupisha swala kwa kumhurumia mama yake. Sisi tukimkazia macho mama hadi akaacha kuja tarawehe, tumemfuata nani?

Usiku wa leo mpishe akae karibu na mlango. Na kama mtoto amekuzoea, kaa naye, mama apate japo rakaa 2.

Ya Allah, wape subira wazazi hawa, nasi utupe huruma. Amin.