Dondoo muhimu: Barua pepe za kazi kwa Kiingereza

Wilayani Meatu, kutoka Bukundi hadi Mwanhuzi, kazi nyingi huenda kwa Kiswahili na Kisukuma. Lakini pamba ya mkoa wetu wa Simiyu huuzwa hadi nje ya nchi, na mnunuzi au mfadhili wa huko husubiri barua pepe ya Kiingereza. Ukiwa karani, mhasibu au afisa ugani, zingatia haya:

• Mada itaje jambo lenyewe. “Cotton report, Bukundi, June” inaeleweka kabla barua haijafunguliwa. “Hello” haisemi kitu.

• Salamu iwe mstari mmoja. Habari za nyumbani na mvua zisubiri simu. Baada ya “Dear Mr” au “Dear Ms” weka jina la ukoo.

• Ombi likae juu. Anza na unachotaka na siku ya mwisho, kisha toa sababu.

• Geuza saa. Saa nne asubuhi ni 10:00 a.m., si 4:00. Ongeza “EAT”, yaani saa za Afrika Mashariki.

• Andika mwezi kwa jina. 3/7 kwetu ni Julai 3. Kwa Mmarekani ni Machi 7.

• Sentensi moja, wazo moja. Maneno makubwa usiyoyamudu yaache.

• Kabla ya kutuma, soma kwa sauti, hakiki kilo na bei, kisha hakikisha kiambatisho kipo.

Kiingereza chepesi chenye takwimu sahihi kinatosha kabisa. Usiogope: andika mwenyewe, kisha mwombe mwenzako akupitishie macho.