Dondoo muhimu: Kuhamisha tovuti ya biashara

Machi 2024 Google ilizima tovuti za bure zilizotengenezwa kupitia wasifu wa biashara. Kwa hivyo, mwenye duka, jina la tovuti liwe lako kwanza. Hakikisha anwani ya .co.ke imesajiliwa kwa jina lako, si la kijana aliyekutengenezea. Msajili aliyeidhinishwa na KeNIC, msimamizi wa anwani za .ke, atakuonyesha imesajiliwa kwa jina la nani.

Nakili maandishi na picha zote kabla ya kuhamia WordPress au Wix. Barua pepe ikitumia anwani hiyohiyo, hamisha na mipangilio yake, la sivyo oda zitapotea kimyakimya. Elekeza kurasa za zamani kwenye mpya.

Usifunge tovuti ya zamani kabla hujaifungua mpya kwa simu, kwa bando, na kukagua nambari ya malipo ya Till tarakimu kwa tarakimu.