SOMO LA MAZINGIRA: OKIDI ZA KINAMASI NA HASARA YA KUCHIMBA VIAZI VYAKE

Kila mwaka mvua zinapoanza mwezi Novemba, mabonde chepechepe ya Nyanda za Juu Kusini huvikwa maua. Miongoni mwake zimo okidi za jamii za Disa, Satyrium na Habenaria. Uwanda wa Kitulo, ulioko katika mikoa ya Njombe na Mbeya, una aina zaidi ya 40 za okidi. Wenyeji huuita “Bustani ya Mungu”, na mwaka 2005 ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa.

Hata hivyo, mchimbaji haliendei ua. Anachokitafuta kimo udongoni: kiazi. Kikikaushwa na kutwangwa, hupikwa pamoja na karanga, pilipili na magadi kuwa chikanda, chakula kipendwacho sana nchini Zambia. Kwa miaka mingi soko hilo limevuta magunia ya viazi hivyo kutoka upande huu wa mpaka.

Ili kuielewa hasara yake, yafaa kuujua mwenendo wa mmea wenyewe. Chini ya shina moja huwa na viazi viwili. Cha zamani kimenyauka, kwa kuwa akiba yake imelisha majani na ua la mwaka huu. Kipya kimejaa, hicho ndicho kitakachochipua msimu ujao baada ya majani kukauka. Mchimbaji hukichukua hicho kipya. Hivyo hajachuma tunda, bali ameuondoa mmea wote.

Mbegu nazo haziwezi kuziba pengo hilo upesi. Mbegu ya okidi ni ndogo mithili ya vumbi, haina akiba ya chakula, na huota tu ikikutana na kuvu wa kuilisha udongoni. Mche hupitisha miaka kadhaa kabla ya kuchanua. Kinamasi kikichimbiwa mifereji na kugeuzwa vinyungu, mche huo hukosa pa kuishi, na vijito hupoteza hazina ya maji ya kiangazi.

Wananchi wanakumbushwa mambo yafuatayo:

1. Kuchimba okidi ndani ya hifadhi ni kosa kisheria. Kuzisafirisha nje ya nchi kunadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES na huhitaji kibali.

2. Mipaka ya vinyungu na vinamasi ijadiliwe na kukubaliwa katika mkutano mkuu wa kijiji.

3. Anayeona uchimbaji au magunia ya viazi hivyo atoe taarifa kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata.

Ni kweli kwamba wengi huchimba kwa kuhitaji ada ya shule na mahitaji ya nyumbani. Lakini mkulima wa viazi mviringo hubakiza mbegu ya msimu ujao. Mchimbaji wa okidi habakizi kitu, na kila mwaka hulazimika kwenda mbali zaidi kuzitafuta.