Kabla Hujalipia Lori la Mchanga

Anayejenga Nairobi, Kitengela au Athi River huuliza bei ya lori, huuliza kama mchanga ni safi au una udongo, kisha hulipa. Swali la mchanga huo umechotwa mto gani, na kwa idhini ya nani, huulizwa na wachache. Makala haya yameandikwa ili swali hilo litangulie mengine yote. Mchanga mwingi unaojenga jiji hutoka Ukambani, yaani kaunti za Machakos, Makueni na Kitui, na watu wamekufa kwa ajili yake.

Mito ya huko ni ya msimu. Kaiti, Thwake na Kikuu upande wa Makueni, Tiva, Nzeeu na Thua upande wa Kitui, kwa sehemu kubwa hutiririka mvua ikinyesha na kukauka juu mara inapokatika. Mgeni akipita kiangazi huona njia pana ya mchanga mweupe na kudhani mto umekufa, kumbe maji yako chini. Mchanga wa chembe kubwa hushika maji kiasi cha robo ya ujazo wake, mara nyingi zaidi ya hapo. Huyakinga na jua yasiwe mvuke, na huyachuja pia. Ndiyo maana akina mama huchimba visima katikati ya mto, huteka kwa kata, hujaza mitungi ya lita 20 na kuipakia kwenye punda.

Sasa fanya hesabu. Lori lililobeba mita 10 za ujazo limeondoka na nafasi ya kuhifadhi takriban lita 2,500 za maji, yaani mitungi 125. Na hasara haiishii siku ile. Nafasi hiyo ingejaa tena mvua za Machi hadi Mei, ikajaa tena zile za Oktoba hadi Desemba, mwaka baada ya mwaka. Mto ukikombwa hadi mwamba, mvua ikinyesha maji hupita kwa siku moja yakateremka na kwenda zake. Visima vya kando ya mto hukauka, kingo huporomoka na kumeza mashamba, nguzo za madaraja hubaki wazi. Aliyekuwa akiteka maji karibu na nyumbani huanza safari ya alfajiri, na binti yake huchelewa shule au haendi kabisa. Mwenye bustani ya sukuma na nyanya ukingoni huiacha ikauke.

Mji ulipozidi kupanuka, na reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipokuwa ikijengwa kupitia Makueni hadi kuzinduliwa Mei 2017, haja ya mchanga ilipanda. Biashara ikaingia mikononi mwa watu wenye malori, fedha na marafiki ofisini. Malori yalikuja usiku, vijana wa kijijini wakalipwa kupakia, na aliyesimama njiani akatishwa. Kulitokea mapigano ya mapanga na mishale kati ya waliotaka mto ulindwe na waliotaka uchotwe, mara nyingi majirani wa kijiji kimoja. Hata kabla ya ujenzi wa reli hiyo, mwaka 2011, huko Makueni, askari polisi aliyekuwa akipinga uchotaji huo alishambuliwa akauawa. Ikiwa askari mwenye kazi ya serikali aliweza kuuawa, mkulima wa kawaida alijifunza haraka kunyamaza.

Wapakiaji nao wanastahili kutajwa, kwa kuwa wengi huwaona kama wahalifu tu. Ni vijana wasio na kazi, baadhi yao watoto walioacha shule. Huchimba chini ya ukingo mrefu kwa koleo, bila kofia wala buti, na ukingo ukianguka huwafukia. Wanacholipwa kwa kujaza lori ni sehemu ndogo sana ya bei utakayotajiwa wewe mjini. Faida hupanda lori pamoja na mchanga, na kilema hubaki nyumbani.

Dunia iliwahi kukabili jambo la aina hii kwa upande wa almasi. Baada ya vita vya Sierra Leone na Angola kugharimiwa kwa mawe hayo, mwaka 2003 ulianza kazi Mpango wa Kimberley, unaodai kila shehena ya almasi ghafi inayovuka mpaka iwe na cheti cha serikali. Mpango huo una matundu mengi, maana unahesabu almasi za waasi wanaopigana na serikali na kuuacha ukatili mwingine machimboni. Hata hivyo ulimpa mnunuzi haki ya kuuliza. Mchanga hauna hata cheti hicho, ingawa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linakadiria kwamba dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Ulinzi wake umeachiwa sheria za nchi, kaunti, na wewe unayenunua.

Makueni ilichukua hatua mapema. Mwaka 2015, chini ya gavana Kivutha Kibwana, bunge la kaunti lilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga na kuunda mamlaka ya kuisimamia. Uchotaji ukatakiwa uwe wa kibali na katika maeneo yaliyotengwa, lengo likiwa mchanga uhudumie kwanza wakazi wenyewe. Kitui ilifuata njia kali zaidi: Januari 2018 gavana Charity Ngilu alipiga marufuku usafirishaji wa mchanga na makaa nje ya kaunti. Lori la makaa likachomwa moto, wafanyabiashara wa makaa wa Limuru wakaandamana, na siasa za ukabila zikaingia mahali ambapo hoja ilikuwa maji na miti. Kwa maoni yangu marufuku ya ghafla, isiyompa mpakiaji kazi nyingine, huipeleka biashara gizani bila kuizima.

Basi ufanye nini? Kama unajenga, mwambie muuzaji akutajie mto na kaunti, kisha akuonyeshe kibali cha kuchota. Usiridhike na risiti ya ushuru. Risiti huthibitisha kwamba kaunti imelipwa, haithibitishi kwamba mahali palipochotwa paliruhusiwa. Mchanga unaoletwa saa nane usiku kwa bei ya kutupa una sababu yake, na miongozo ya kitaifa ya uvunaji mchanga inataka usafirishaji ufanyike mchana. Muulize pia mhandisi wako kama vumbi la mawe kutoka kwari linaweza kuchukua nafasi ya mchanga wa mto, hata kwa sehemu ya kazi. Kwa zege mara nyingi linafaa likichujwa vizuri.

Kama unaishi kando ya mto na dalali amekujia, usitie sahihi peke yako. Mto si mali ya mwenye shamba la ukingoni, na fedha za malori machache hazirudishi kisima cha kijiji. Iteni kikao, chifu awepo, na afisa wa mazingira wa kaunti. Miongozo hiyo hiyo inakataza kuchota ndani ya mita 100 kutoka daraja, barabara au reli, na inataka mchanga wa kutosha ubaki mtoni kuhifadhi maji. Kama bado mna nguvu ya mwethya, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, jengeni bwawa la mchanga: ukuta wa zege juu ya mwamba, unaonasa mchanga mvua zikija. Shirika la SASOL limejenga mamia ya kuta kama hizo Kitui pamoja na wanakijiji, na Utooni limefanya vivyo hivyo Machakos na Makueni. Ukuta huo ulindeni, maana wachotaji hupenda mchanga uliokusanyika nyuma yake.

Ukiona uchotaji haramu, usiende mtoni peke yako na usisimame mbele ya lori. Andika nambari ya gari, saa, na mahali. Piga picha ukiwa mbali, tena kama ni salama tu. Peleka taarifa kwa mamlaka ya mchanga Makueni au ofisi ya mazingira ya kaunti, na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Polisi wakipokea malalamiko, dai nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na uihifadhi. Afisa akiomba hongo, ipo Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Ukitishiwa maisha kwa sababu ya ushahidi wako, omba Shirika la Kulinda Mashahidi likusaidie kabla kesi haijaanza kusikilizwa.

Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda kortini kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umepata hasara, na kesi kama hizo husikizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ikiwa tatizo ni leseni ambayo NEMA tayari imeitoa, rufaa hupelekwa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60. Siku hizo hupita upesi kijijini, kwa hiyo mwenye habari za leseni mpya awapigie wenzake simu siku hiyo hiyo.