Maji Yazungukayo ya Mto Danube

Mto Danube, kabla haujafika Vienna, hupita katika bonde jembamba karibu na mji wa Grein, katika nchi ya Austria. Hapo kale wenye mashua za chumvi walipaogopa sana mahali hapo. Maji yalikimbia kwanza katikati ya miamba, mahali palipoitwa Strudel; kisha, mbele kidogo, yakapiga kisiwa cha jiwe kilichoitwa Hausstein, yakarudi nyuma na kuzunguka kama jiwe la kusagia. Huko kuzunguka kuliitwa Wirbel.

Watu wakasema kwamba pana shimo lisilo na mwisho, na ya kuwa maji yazamayo humo hupita chini ya nchi hata kutokea Hungaria. Tena walisema kwamba jabalini hukaa pepo mweusi. Mwaka 1045 Mfalme Heinrich III alipita hapo pamoja na Bruno, askofu wa Würzburg. Yasimuliwa kwamba yule mweusi alimwita askofu toka jabalini, akimwambia kwamba ni mtu wake, wala hataokoka. Baada ya hayo, walipokuwa wageni katika ngome ya Persenbeug, sakafu ilibomoka, na Bruno akafa kwa majeraha yake tarehe 27 Mei. Kifo hicho ni cha kweli. Habari ya pepo twaona iliongezwa na watu waliotafuta sababu yake.

Lakini tusiwacheke. Hatari waliiona kwa macho yao, na waliopita salama walitoa sadaka katika kijiji cha St. Nikola, kando ya maji yale yale. Walikosa neno moja tu: kilichozungusha maji ni nini? Ikiwa ni shimo lisilo na mwisho, au pepo, mtu atafanya nini ila kuogopa na kupita? Bali ikiwa ni jiwe, laweza kupasuliwa.

Ndivyo ilivyofanyika. Kazi ya kupasua miamba ya Strudel ilianza siku za Malkia Maria Theresa, katika miaka ya 1770, na Hausstein lenyewe likaondolewa kwa baruti katika karne ya 19. Jabali lilipokwisha, kuzunguka kukaisha pia, wala shimo halikuonekana. Mwaka 1959 ukamalizika ukuta wa kuzuia maji wa Ybbs-Persenbeug, wa kutoa nguvu za umeme. Mto ukainuka na kutulia, na sasa meli hupita juu ya mahali pale pasipo shida.